Nyumba Iliyomsalimia Ghislaine

Jumapili moja, misa ilipokwisha, Ghislaine alishuka barabara ya Nguba akiwa amevaa kitenge chake kipya, na nyumba ya Papa Firmin ikainama kumsalimia. Iliinama kuanzia kwenye mabati, polepole, jinsi mkwe anavyomwinamia mama mkwe. Ghorofani vikombe vilisogea mezani. Mpangaji, Maman Lydie, alizuia sufuria ya maharage kwa mkono mmoja, akatoa kichwa dirishani.

“Maman Ghislaine, nyumba iko nakusalimia!”

“Minaona. Uiambie isiiname sana, plafond ya dari itapasuka.”

Nyumba ikainuka.

Ghislaine alikuwa fundi wa kujenga, mzaliwa wa Mumosho. Papa Firmin, mtu wa ofisi katika shirika moja la misaada, alimchukua ajenge nyumba ile ya kupangisha kwa sababu simenti ilikuwa imepanda bei, na fundi mwanamke hulipwa nusu ya mwanaume. Alijenga kiangazi chote. Ukuta wa upande wa ziwa aliubomoa mwenyewe, ingawa hakuna mwingine aliyeuona umepinda, akaujenga upya bila kuulizwa.

Habari za nyumba yenye adabu zilienea mjini. Familia nzuri zilikuja kuomba nafasi, na Papa Firmin akapandisha kodi. Wapangaji walizoea. Kila Jumapili walifunga makabati, wakawapakata watoto wadogo, wakangoja Maman Ghislaine apite.

Faida ikamtosha Papa Firmin kuanza nyumba ya pili. Akamwita Ghislaine.

“Safari hii,” Ghislaine alisema, “utanilipa sawa na maçon mwanaume.”

“Maman, budget ya main-d’œuvre, ya kulipa mafundi, iko ileile.”

“Na weye, nyumba inakusalimiaka?”

Papa Firmin alifikiri, kwa uaminifu kabisa. “Hapana. Lakini mimi minapitaka na gari.”

“Basi tafuta mwingine.”

Akamtafuta Ezéchiel, fundi hodari, ambaye alitaja bei ya wanaume na kukubaliwa kabla hajamaliza kuitaja. Budget ilitosha.

Ghislaine alipata kazi kwa mjane mmoja aliyekuwa akijenga vyumba vya wanafunzi. Bei ilikuwa nusu. Alibishana siku nzima, ikabaki nusu. Alijenga vilevile, timazi mkononi, kila jiwe likiwa limekaa mahali pake. Siku mabati yalipopigiliwa, vyumba vyote viliinama pamoja, na mafundi waliokuwa juu wakashikilia boriti, wakaendelea kupiga misumari.

Ghislaine aliweka kiganja ukutani.

“Simama muzuri,” alisema. “Watu wako nakuangalia.”

Vyumba vikasimama. Mjane alisema ni kweli yanayosemwa mjini, vinamjua aliyevizaa, akampa nusu yake. Ghislaine aliipokea bila kuinama, akashuka katikati ya barabara kwa mwendo wake wa kawaida, na magari yakampisha.