Mstari wa Msaragambo

Mwalimu Abrahamu aliondoka kama mtu anayekwenda chooni. Aliacha chaki mezani na swali la logi ubaoni halijafika hata nusu, akateremka Mombo. Wiki iliyofuata watu wa soko wakaleta habari kwamba yupo, mzima wa afya, anauza mitumba. Ndizo zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa ameruhusiwa kujitafutia, na mwalimu naye ni mtu, ana watoto. Lakini kidato cha nne walibaki hawana mwalimu wa hesabu, na moko, mtihani wa majaribio, inabisha hodi.

Kama hilo halikutosha, mkuu wa shule akasimama mbele ya wanafunzi mstarini, mikono nyuma, akatangaza jipya. Atakayepata chini ya thelathini katika hesabu kwenye moko, jina lake haliendi kwenye mtihani wa taifa. Atajijua, atafanya mwakani kwa kujitegemea. "Shule zinafunguliwa kila kona sasa," alisema. "Sitaki mtu wa kunichafulia jina." Shule yenyewe darasa moja halina madirisha, lakini jina la kuchafuliwa tayari inalo! Wazazi waliuza viazi miaka minne mtoto asome, halafu anaambiwa mlangoni kwamba asiingie kwa sababu atapaka matope. Haya.

Elieshi hakuogopa sana kwa ajili yake mwenyewe. Baba yake alitoka Upare kuja kuchuma chai, na nyumbani kwao mtoto alijifunza kuhesabu vikapu kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Aliyemtia hofu ni Rahma, mwenzake wa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Rahma alikuwa mwepesi katika kila somo, ila hesabu ilimgeuza bubu.

Ndipo Elieshi akaunda kundi, na kundi akalipatia sheria ya msaragambo. Kule milimani, pembe ya msaragambo ikilia kila nyumba hutoa mtu. Mnajipanga mstari mmoja kwenye barabara iliyobomoka, majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, na hakuna ruhusa ya kutangulia. Mwenye nguvu anamngoja asiye na nguvu. Ni kweli wajanja hawakosekani. Utamkuta mtu anaitikia wimbo kuliko wote, jembe lake linapanda na kushuka kama ya wenzake, lakini ukimtazama miguuni udongo haujageuka. Huyo humjui mpaka mvua inyeshe, barabara ikatike pale pale alipokuwa amesimama.

Basi sheria ikawa hiyo. Hawavuki mada mpaka wote waseme, "Nimeelewa."

Walikuwa wanne. Elieshi na Rahma, halafu Anselm, mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda cha chai, kichwa chake kinakimbia na mdomo nao unakimbia. Wa nne alikuwa Selemani, aliyetoka Mnazi huko bondeni na kukaa kwa shangazi yake ili asome. Jamani, Selemani alikuwa raha. Walisomea kwenye godauni bovu la shamba la chai, ubao wao mlango wa zamani uliopakwa masizi ya betri za redio, na chaki hawakuwa nayo, mpaka Selemani alipoleta vipande vya muhogo mkavu kutoka kwao. Kufuta ubao pia alikuwa yeye, kwa mkono wa sweta la mtumba. "Mimi ndiye mfuta ubao mkuu," alisema, na hakuna aliyemnyang'anya cheo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya moko walikuwa bado kwenye logi za namba ndogo kuliko moja, zile zenye kistari juu ya kichwa zinazoitwa baa. Walikuwa wamekwama hapo siku nyingi. Takwimu hawajaigusa, na Mwalimu Abrahamu, kabla mitumba haijamchukua, alikuwa amesema kwenye takwimu ndiko alama zinakookotwa bure.

"Baa mbili nukta saba," Anselm alisema, muhogo mkononi. "Nimeieleza mara ngapi?"

"Mwanafunzi haruhusiwi kuingia baa," Selemani akasema. "Mimi nimeelewa, lakini nitasubiri nje."

Walicheka. Hata Anselm alicheka, halafu akakunja uso tena na kumgeukia Rahma. "Wewe umeelewa? Sema kweli. Moko ni Jumatatu. Tukikaa hapa leo, takwimu ndiyo basi tena, na kwenda chini tutakwenda wote."

Rahma aliutazama ubao. Elieshi alimwona akishika uzi uliochomoka kwenye sweta lake la shule, akauzungusha kwenye kidole mpaka ncha ikawa nyeupe. Miaka minne kwenye dawati moja si mchezo. Elieshi alijua Rahma akizungusha uzi anakaribia kusema uongo.

"Nimeelewa," Rahma alisema.

Elieshi angeweza kusema kitu. Sheria ilikuwa yake. Lakini na yeye takwimu alikuwa haijui, na moyoni alihisi nafuu, nafuu ya aibu, kama mtu aliyeombwa maji akasikia kwamba mwombaji keshakwenda. Akafungua daftari, akatafuta ukurasa mtupu wa takwimu. Selemani alikuwa tayari amesimama na sweta lake, anafuta.

Usiku ule Elieshi hakupata usingizi wa maana. Jumapili, alipotoka kanisani hakurudi nyumbani. Alikata njia ya mkato kupitia mashamba ya chai, akavuka kijito, akapanda kwa kina Rahma.

Aliwakuta kwenye matuta, Rahma na mama yake, wanakata kabichi. Lori la Dar es Salaam lilikuwa linangoja barabarani na dereva anapiga honi bila adabu. Shamba lao lilikuwa kama mashamba yote ya huko, ngazi juu ya ngazi, nyumba juu kabisa na matuta yakiteremka mpaka kwenye maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutusaidia, au umekuja kumtorosha kazini huyu?"

"Kusaidia, mama." Elieshi akachukua kikapu, akaingia tuta moja na Rahma. Alingoja mpaka mama alipopanda na mzigo wake. "Jana ulidanganya."

Rahma aliendelea kukata. "Na wewe ulijua."

Lile neno lilimwingia Elieshi vizuri sana, kwa sababu lilikuwa kweli. Honi ikalia tena kule barabarani.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Nilitaka takwimu. Nisamehe."

"Nikatwe jina tu," Rahma alisema, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Kuliko Anselm kunitazama vile tena. Wewe hujui kusubiriwa kulivyo, Elieshi. Watu watatu wamekaa wanakusubiri, na kadiri wanavyosubiri ndivyo kichwa kinavyojifunga."

Mama yake alikuwa amerudi na kikapu kitupu, amesikia. Hakupandisha sauti. "Mficha uchi hazai, Rahma," alisema, akainama kwenye kabichi zake. "Mwenzio kaja mpaka huku. Muulize."

Rahma akauliza. Alisema kwamba kwake baa mbili nukta saba ilikuwa mbili nukta saba kwenda chini, yote, kistari kimeifunika yote. Elieshi akaanza kueleza kama Anselm alivyoeleza, akaona macho ya Rahma yanafunga mlango, akaacha. Alitazama shamba.

"Nyumba yenu ni sifuri," alisema. "Shuka matuta mawili."

"Nishuke kweli?"

"Shuka."

Rahma akapanda kwanza mpaka uani, kisha akashuka matuta mawili, kisu mkononi, mama anatazama.

"Hiyo ndiyo baa mbili. Kistari kimekushusha hapo, kazi yake imekwisha. Sasa nukta saba haina kistari. Nukta saba inapanda. Panda kuelekea tuta la juu, lakini usifike."

Rahma alikanyaga ukingo, akapanda karibu kulifikia tuta la kwanza, akashika majani ili asiteleze. "Kwa hiyo niko chini," alisema polepole, "lakini si chini kama nilivyodhani."

"Ndiyo."

Waliendelea hivyo huku wakikata kabichi, kwa sababu lori halijui logi. Kujumlisha kulikuwa kupanda na kushuka. Kugawanya ndiko kulikomtoa jasho hata Elieshi mwenyewe. Ukipewa baa tatu nukta sita ugawe kwa mbili, tatu haigawanyiki, na hapo Elieshi alizoea kubahatisha. Ni Rahma aliyesimama kwenye tuta la tatu, akafikiri, halafu akashuka la nne.

"Nashuka moja zaidi ili yagawanyike," alisema, "na hilo nililoshuka nalirudisha juu. Baa nne, na juu yake moja nukta sita. Nusu yake baa mbili, nukta nane."

Elieshi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Ilikuwa sawa. Walikumbatiana kati ya kabichi, na dereva wa lori, ambaye sasa alikuwa ameteremka kuwafuata, akauliza kama hilo ndilo shamba au arusi.

Jumatatu chumba cha mtihani kilikuwa na baridi, ukungu umeingia mpaka ndani. Elieshi alifungua karatasi. Swali la logi lilikuwepo, lenye baa, na la kugawanya. Mbele yake aliona kidole cha Rahma kinashuka kwenye ukingo wa dawati, hatua, hatua, hatua, kinatua, kinashuka moja zaidi, kisha kinapanda. Anselm alikuwa ameinama kama anataka kuila karatasi. Selemani alimaliza mapema, akapita kati ya madawati, akawakonyeza, akatoka.

Matokeo yalisomwa mstarini. Mkuu wa shule hakusoma waliofaulu, maana huyo mzee alikuwa na moyo wake. Alisoma wanaokatwa tu. Kila jina lilipotoka, mstari ulitikisika mahali fulani, mtu akatoka na kusimama kando. Elieshi alikuwa ameshika mkono wa Rahma kwa nguvu mpaka wote wawili wakaumia. Anselm, nyuma yao, alikuwa anasema kimya kimya, "Asimtaje, asimtaje." Kumbe naye alikuwa na moyo.

Majina yakaendelea. Mkuu wa shule alikunja karatasi na Rahma hakutajwa. Elieshi aliuachia mkono wake. Kisha mkuu akaikunjua tena karatasi, kama mtu aliyesahau kitu kidogo.

"Na Selemani, wa Mnazi."

Watu wengine walicheka, wakidhani ni utani, kwa sababu jina hilo lilikwenda na utani siku zote. Selemani naye alicheka. Alitoka mstarini akasimama kando na wenzake, mikono mfukoni.

Walimkuta godauni jioni ile. Alikuwa anafuta ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Elieshi alisimama mlangoni. Alijaribu kukumbuka siku ambayo Selemani alishika muhogo akaandika, hata mara moja, na hakuipata. Muhogo alileta yeye, ubao alifuta yeye, wa kwanza kusema nimeelewa alikuwa yeye. Walikuwa wamemtazama Rahma tu muda wote.

"Selemani," alisema, "logi uliielewa?"

"Logi?" Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha. "Mimi hata sehemu sijui, Elieshi. Zile za shule ya msingi."

"Sasa mbona ulikuwa unasema umeelewa?" Anselm aliuliza, na safari hii hakuwa mkali.

"Ningesemaje? Mlikuwa mnamsubiri Rahma, na mnalalamika." Aliangalia sweta mkononi mwake. "Nani angesubiri wawili?"

Elieshi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kwa sababu sheria ilikuwa yake na yeye ndiye aliyepaswa kutazama miguuni. Anselm alitoka mlangoni, akamkaribia Selemani na kulichukua lile sweta taratibu. Rahma akaokota kipande cha muhogo, akakiweka kwenye kiganja cha Selemani na kumfumba vidole.

"Andika nusu," alimwambia.

Selemani aliugeukia ubao. Mkono wake ulipanda, ukakaa hewani muda mrefu, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Hakugeuka.

"Ipi inakaa juu?" aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu waanze kusoma pamoja.