Meya wa Mtaa wa Pulaski

Habari zilimfikia Bronia Skalny kanisani, kutoka kwa padri: barabara kuu ya magari ingepita katikati ya Mtaa wa Pulaski, na nyumba za pande zote mbili zingebomolewa. Meya wa jiji lao, Port Calder, alishaidhinisha. Na meya alikuwa Kazimierz, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Bronia mwenyewe alimlea tangu mama yao afe kwa kifua kikuu.

Kaz alianza na ukondakta wa tramu, akaongoza chama cha wafanyakazi, akawa diwani, kisha meya kwa vipindi vitatu. Kila uchaguzi Bronia ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, miguu imevimba, akiwahakikishia wahamiaji wenzake kutoka Poland kwamba Kaz ni wao. Sasa majirani hao hao walimkwepa njiani.

Akaenda ofisini kwa meya. Karani alimwambia asubiri, Bronia akampita, akaingia.

"Mhandisi wako alichora njia nyingine," alisema hata hajakaa. "Kule kilimani, kwa matajiri."

"Dada, kule kila nyumba ina wakili."

"Na kwetu?"

Kaz aligeukia dirishani. Akasema kwao kuna watu wanaomwamini, wataelewa.

Mkono ulimwasha Bronia kumzaba kibao, awe meya asiwe meya.

"Kwa hiyo unatubomolea kwa sababu tunakupenda," alisema, akatoka.

Novemba ile alimpigia kampeni mpinzani wa Kaz, muuza makaa ambaye yeye mwenyewe hakumpenda hata kidogo. Kaz akaanguka, tena vibaya zaidi mtaani kwao. Lakini muuza makaa alipoapishwa, alisema mkataba wa barabara ulishatiwa saini, na mkataba ni mkataba. Barabara haikusogezwa hata hatua moja.

Tingatinga zilipoingia mtaani, Kaz alikuja amekunja mikono ya shati, asaidie kuhamisha vitu. Hakuna aliyemsalimu. Alimkuta Bronia akihangaika na kabati la mama yao.

"Umeninyang'anya kiti na barabara inapita vile vile," alisema. "Umefaidika nini?"

"Sikutafuta faida. Nilitaka uanguke." Akashika upande wake wa kabati. "Inua. Mlango ni mwembamba."

Wakalitoa, wakalipandisha kwenye lori. Lilipokwisha kufungwa kamba, Bronia akapanda mbele, kando ya dereva wa lori, akapandisha kioo. Kaz alibaki barabarani akisema kitu. Bronia akamwambia dereva aondoe gari.