Bendera ya Mjerumani Barazani kwa Aikande

Kufikia Jumapili jioni, kama kulikuwa na mtu Old Moshi ambaye hajaiona bendera ya Aikande, basi huyo hakwenda kanisani na simu yake haikuwa na bando. Waliotoka ibadani waliiona kwa macho yao. Ilikuwa imetundikwa ukutani barazani, pale Aikande anapowakaangia watalii kahawa: mistari mitatu mipana, mweusi, mweupe na mwekundu, bendera ya Mjerumani wa enzi zile za kutawala. Waliobaki nyumbani waliikuta kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, mtu kaipiga picha na kuandika chini yake, "Jamani, tumerudi kutawaliwa?" Baada ya hapo kila mwenye kidole alichangia.

Aikande alisoma yote, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kutwanga kahawa yake. Hakuwa mtu wa kutishwa na vidole. Bendera ilikuwa ya marehemu mumewe, Filbert, mwalimu wa historia, ambaye aliipata Kibosho kwa familia iliyokuwa ikibomoa nyumba ya babu yao. Miaka yote Filbert aliitunza sandukuni na vidonge vya nondo, akisema akistaafu atajenga chumba cha kumbukumbu ili watoto wa shule waje waone na waulize. Alistaafu, presha ikamchukua mwaka uliofuata, na chumba hakikujengwa. Aikande akasema kama chumba hana, ukuta anao.

Hata watalii wawili kutoka Ujerumani kwenyewe walipofika waliona haya, wakanywa kahawa yao wakiwa wameipa bendera kisogo. Aikande aliwaongezea sukari na kuwaambia wasijali, hakuna aliyewadai kitu. Lakini tatizo halikuwa Wajerumani wala WhatsApp. Tatizo lilikuwa Eliufoo.

Eliufoo alikuwa kaka mkubwa wa Filbert, na kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kilitenganishwa na cha Aikande kwa mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda mipakani. Jumatatu asubuhi alikuja akasimama nje ya uwanja, mikono nyuma, kofia kichwani.

"Shikamoo, shemeji," alisema Aikande.

Eliufoo hakuitikia. "Mama Pendo, hicho kitambaa kinafanya nini hapo?"

"Kinafundisha."

"Kinafundisha nini?"

"Kwamba walikuwepo, na walitufanya nini. Tukikificha, kesho wajukuu watasema tulitunga. Mficha uchi hazai, shemeji."

"Si kila uchi unatundikwa barazani." Alisema polepole, kama mtu anayechagua maharage. "Babu yetu alichapwa viboko hamsa ishirini chini ya kitu hicho, eti kachelewa kazi ya barabara. Filbert alikuwa bado hajazaliwa babu alipokufa, kwake ilikuwa hadithi tu. Mimi ndiye nilikuwa namsugua mgongo akioga. Najua kila kovu lilikuwa wapi."

Maneno hayo yalimchoma Aikande. Lakini alikuwa na ile kasoro ya watu wengi wenye akili: akichomwa, hukaza.

"Basi ndiyo sababu ya kuitundika," alisema. "Na ukuta ni wangu."

"Kweli, ukuta ni wako. Miguu nayo ni yangu. Haitaingia uwanja huu maadamu hicho kitu kiko hapo, hata siku ya sendofu."

Akageuka akaenda zake. Aikande akabaki na mchi mkononi, maana hapo alikuwa ameguswa penyewe.

Sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya binti yake, Elinipendo, ambaye kila mtu humwita Pendo, ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile, hapo hapo uwanjani. Na sendofu ya Mchagga bila ndafu haijafanyika. Ndafu ni yule mbuzi mzima wa kubanikwa, anayeletwa kwa ngoma na vigelegele akiwa na majani mabichi mdomoni, na baba wa binti ndiye anayemshika mkono mwanawe, anampeleka mezani, na kulishwa kipande cha kwanza mbele ya wakwe. Pendo hakuwa na baba tena. Alikuwa na baba mkubwa, naye alikuwa amenuna upande wa pili wa masale. Wakwe walikuwa watu wa Kigoma, wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule chini, wapole na wenye macho. Wangeona binti anajipeleka mwenyewe mezani kama mtoto wa njiani, nao wangejiuliza.

Jioni Pendo alipanda kutoka mjini, akasikia habari yote, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, si uishushe Jumamosi tu, halafu Jumapili uirudishe?"

"Nikiishusha kwa ajili ya kelele, sitairudisha tena. Najijua." Aikande alikoroga supu ya mtori ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Kitambaa hicho baba yako alikuwa anakikunja kila mwaka kwa mikono yake. Kukishusha naona kama namzika mara ya pili."

"Naelewa, mama. Lakini bendera haiwezi kunishika mkono."

Pendo alisema bila ukali wowote. Aikande aliumia. Alimpenda binti yake kuliko kuta zote za Old Moshi, ila hakuona kwa nini lazima achague.

Jumatano asubuhi akaamka na mbinu. Alikata jani la isale mpakani, akalipiga fundo, akamwendea Anaeli, mzee wa kanisa, ambaye hakuna ugomvi kijijini usiopita mikononi mwake na hakuna kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, isiyopita mdomoni. Kila Mchagga anajua uzito wa jani hilo. Ukiletewa isale lenye fundo, umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Hata kama umedhulumiwa ng'ombe, unapokea, unasamehe, na neno linaishia hapo.

"Unaomba msamaha," alisema Anaeli akiligeuzageuza lile jani, "na bendera iko pale pale?"

"Naomba msamaha kwa kumuumiza. Kumuumiza nimemuumiza, na inanisikitisha kweli. Kutundika sijakosea."

Anaeli alicheka hadi akashika mti wa mgomba. Kisha akaenda.

Alirudi mchana, amechangamka zaidi ya alivyoondoka. "Amelipokea kwa mikono miwili. Alilitazama sana, akasema, 'Huyu mwanamke ameniweza.' Amesamehe. Jumamosi atakuja, na mguu wake ataingiza."

Aikande alisikia raha ikimpanda tangu miguuni. Alikuwa tayari kufungua kinywa amshukuru Mungu, ila Anaeli alikuwa bado amesimama. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa isale jingine, bichi, lenye fundo zuri kuliko lile la kwanza.

"Na hili ni lako. Naye anaomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Anasema bado hajalifanya."

Aikande alirudi nyuma hatua. "Atafanya nini?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza, nilikuwa nimeshika kata."

"Tangu lini mtu akaomba msamaha wa kosa lijalo?"

"Tangu wewe ulipoomba wa kosa linaloendelea," alisema Anaeli. "Mwosha huoshwa, mama. Pokea."

Akapokea. Angefanyaje? Aliyelitumia isale asubuhi hawezi kulikataa mchana.

Kuanzia hapo hakuwa na amani. Akikatia ng'ombe majani alimwona Eliufoo na kisu. Akikaanga kahawa alimwona na kibiriti. Mara mbili alipanda kiti aishushe bendera aifiche, na mara mbili akashuka mikono mitupu, akijicheka kwa hasira, kwa sababu kuificha ndiko kulekule kulikokuwa kukimshinda tangu mwanzo.

Jumamosi ikafika, mlima uko wazi, maturubai yamefungwa, muziki unasikika hadi ng'ambo ya korongo. Wakwe wa Kigoma walikaa mstari wa mbele wakionja mbege kwa heshima na tahadhari. Pendo alikuwa amependeza hadi mama yake akawa anaangalia pembeni ili asilie mapema. Kisha Eliufoo akaingia, suti ya kahawia, kofia ile ile. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja barazani, akavuta kigoda, akapanda.

Muziki ukapunguzwa bila mtu kusema. Simu zikainuka. Aikande aliinuka nusu, akakumbuka isale, akakaa. Kiti kilimuunguza.

Eliufoo aliitoa bendera msumari mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kuichana hata uzi. Akashuka nayo, akaenda hadi kwenye meza ya ndafu, akaitandaza mezani, akailainisha kwa viganja. Kisha akawageukia vijana waliombeba mbuzi.

"Muwekeni hapa. Sinia ondoeni."

Vijana walimtazama Aikande. Aikande alitazama masale. Mbuzi akawekwa, wa moto, ananuka vizuri, mafuta yakamchuruzika na kuingia kwenye mweusi, kwenye mweupe na kwenye mwekundu.

"Mama Pendo anasema kitu hiki kisifichwe," alisema Eliufoo, na hakuhitaji kipaza sauti. "Sawa. Nimefikiri usiku kucha, nimeona ana haki. Lakini mimi sikubali kikae juu yetu kama walivyokiweka wenyewe. Leo kinatandikwa. Babu yangu alilala kifudifudi chini yake, mjukuu wake anakula ndafu juu yake. Pendo, mwanangu, njoo."

Akamshika mkono. Pendo alikata kipande, akamlisha baba yake mkubwa, naye akatafuna amefumba macho, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Vigelegele vikalipuka. Baba mkwe wa Kigoma akamwinamia Anaeli, akauliza kwa adabu kama ni mila ya Wachagga kumtandikia ndafu bendera.

"Kuanzia leo," alijibu Anaeli.

Aikande alikuwa na hasira, tena hasira kamili, ya mke aliyeona vidonge vya nondo vya miaka vikiishia kwenye mafuta ya mbuzi. Ikamshika kama dakika nzima. Kisha akamfikiria Filbert, ambaye hakuwahi kuruhusu hata kikombe cha chai karibu na vitabu vyake, na jinsi ambavyo angeruka kutoka kitini, halafu angekaa, halafu angeomba kalamu ili aandike alichokiona. Akaanza kucheka. Alicheka akalia, akacheka tena, hadi Pendo akaja kumlisha kipande chake akashindwa kuupata mdomo. Tangu mazishi hakuwa amecheka hivyo.

Jioni, wakwe wakiwa wameteremka na kijiji kikimalizia mbege, Eliufoo alikuja barazani na kitambaa begani. Katikati palikuwa na doa kubwa la mafuta, limekula mistari yote mitatu.

"Shika upande huo," alisema. "Turudishe."

"Hivi hivi, shemeji? Nisiifue?"

"Ukiifua, nitakuletea isale jingine."

Wakapanda, yeye kigoda, Aikande kiti, wakapigilia misumari, kila mmoja upande wake. Ilikaa imepinda kidogo, na baraza nzima ikanukia mbuzi. Eliufoo alishuka, akarudi nyuma, akaitazama muda mrefu, sasa bila kofia, kwa sababu alikuwa ameisahau huko kwenye mbege.

"Wageni wako wakija," alisema, "usiwaambie waiangalie tu. Waambie wainuse."