Emmett Alipofunga Daftari

Mume wangu Emmett ameandika kila mchezo wa Wafua Chuma, timu yetu ya besiboli, kwa miaka hamsini na miwili. Haandikii gazeti, wala hakuna aliyemtuma. Anakaa safu ya sita nyuma ya benchi letu, daftari mapajani, na kila mpigaji anapata alama yake. Akiukosa mpira mara tatu, anaandikiwa K. Akisimama kama mlingoti akiutazama unapita, K yake inageuzwa mgongo, kama mtoto aliyeadhibiwa kutazama ukuta. Hiyo K ya aibu ndiyo ninayoipenda mimi.

Tangu tumzike binti yetu Loretta mwezi wa pili, Emmett ananyoa ndevu siku za mchezo tu. Siku nyingine hata kula ni mpaka nipige kelele. Kwa hiyo mimi, niliyejifunza besiboli kwa kukosa pa kwenda, niliomba kwa magoti: Jumapili ile tushinde, tuingie mchujo, tupate wiki tatu zaidi. Tukishindwa, msimu umekwisha, na sikujua ningemshikilia kwa kitu gani mpaka msimu mpya wa Aprili.

Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Zamu ya tatu kati ya tisa inaisha, tumefungwa kumi na moja bila.

"Bibi Opal!" akaita Dutch, mstaafu wa posta anayekaa nyuma yetu, mdomo umejaa soseji. "Vaa glovu uingie! Hilo goti lako bovu lina mbio kuliko yule mlinda kituo cha pili!"

"Nikiingia mimi, gongo la kupigia ni wewe," nikamjibu. "Kichwa cha mbao unacho tayari."

Watu wakacheka. Nikamtazama Emmett, maana Dutch akichapwa kwa maneno, Emmett huwa wa kwanza kucheka. Alikuwa anaitazama penseli yake kama mtu aliyeshiba anavyotazama kijiko. Akaichomeka ndani ya daftari, akalifunga.

"Mkono umechoka?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Mbona huandiki zamu ya nne?"

"Itakuwa kama ya tatu."

Nikalichukua daftari. Nina ujanja mmoja wa kumwamsha mzee huyu, nao ni kukosea. Nikitaja jina la mchezaji vibaya, atanisahihisha mpaka chakula kipoe. Basi nikamwandikia K kijana wetu ambaye mpira wake ulidakwa angani, uwanja mzima ukiona. Nikamsogezea. Kimya. Kosa la mlinda kituo nikambandika mrushaji. Kimya. Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikaandika kwa wino. Kwa wino, jamani! Mwaka mmoja alininunia siku mbili kwa tone moja tu. Zamu ya sita nikamchorea mpigaji wetu kuku, kuku mzima na mkia wake.

"Emmett, tazama, huyu nimemwandikia kuku."

Akatazama. "Sawa, Opal."

"Sawa vipi? Kuku ni alama ya nini?"

"Andika unavyotaka, mama."

Dutch, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akaacha kutafuna.

Zamu ya nane, ishirini na moja bila, kocha akamtoa mrushaji na mpira akampa mdakaji, jamaa mnene ambaye hajawahi kurusha tangu azaliwe. Timu ikishakata tamaa hufanya hivyo. Akawa anaurusha kama anayewatupia bata mkate, na watu wakawa hoi kwa kicheko.

"Kocha hana ubaya," Dutch akasema, safari hii kwa upole. "Anawapumzisha warushaji mikono."

"Waipumzishe kwa ajili ya nini?" Emmett akauliza. "Kesho kuna nini?"

Emmett akasimama.

"Twende."

"Bado kuna zamu ya tisa, mzee wangu."

"Twende nyumbani, Opal."

Hatujawahi kutoka kabla mtu wa mwisho hajatolewa. Hata siku ya mvua ya mawe. Hata siku niliyoshikwa na uchungu wa kumzaa Loretta, nikang'ata kofia ya Emmett mpaka zamu ya tisa. Nikamshika mkono tukapanda ngazi. Tulipofika langoni, kelele kubwa zikalipuka nyuma yetu. Nadhani tulikuwa tumepata pointi. Mimi nikasimama. Yeye akaendelea kutembea.

Garini akanipa funguo. Nikawasha redio, akaizima.

"Dutch ana haradali ya soseji mpaka sikioni," nikasema. "Nimemwacha nayo makusudi."

"Mm."

Kutoka uwanjani hadi kwetu ni dakika kumi. Nikashika njia ya mtoni, ile ndefu, nikaendesha polepole mpaka wa nyuma wakawa wananipigia honi. Wapige tu. Tukifika atavua viatu, na sijui nitamwambia nini avivae tena.