Mita Nne Chini ya Jiwe

...na kama kweli ni nne, wifi yake asingerudi juu upesi namna ile, ngumi imejaa mchanga, anacheka, anammwagia magotini, "Shika zawadi yako, nimekutolea chini kabisa," kisha akazama tena miguu juu kama bata, na yeye kabaki ukingoni na miguu yake majini, anahesabu, moja, mbili, tatu, huyo katoka, sasa mtu azame mita nne na kurudi kabla ya hesabu ya tano, wifi ni karani wa posta, si samaki... Na siku ilikuwa nzuri jamani, tangu asubuhi wamefurahi, wameingilia nyuma ya gereji ya mabasi wakafuata kijito kwa miguu, wameparamia mizizi na majabali, wamekula mayai ya kuchemsha wakitazama ghorofa na nguo zilizoanikwa ng'ambo, mumewe akihema na kusema kinyozi hakuumbwa kupanda, kinyozi kaumbwa kusimama, na sasa kinyozi huyo huyo yuko juu ya jiwe la kurukia, kitambi mbele, anafunga upya kamba ya kaptura na kuwaambia mabinti wa chuo wanaongoja zamu nyuma yake, "Someni hapo ubavuni mwa jiwe, mita nne, ruksa kuruka. Nani kaandika? Mke wangu. Kapima kwa mkono wake," nao wakapunga, hongera mama, na yeye akatabasamu, Mola wangu, akatabasamu. Toa moja. Pale kazini kwao, idara ya bustani na mito, kila mtu anajua, ukisoma fito ya kupimia maji toa moja, kwa sababu fito ilikuwa inachomoza nje ya gari na ikakatwa mita nzima huku chini, na ni yeye aliyemwambia mtunza stoo, kata tu, tutakumbuka, basi namba zikaanzia moja, ikisema tano ni nne, ikisema nne ni tatu, na maji ya mita tatu huruhusiwi kuyarukia toka jiwe la juu, unaandika marufuku, hakuna mjadala. Jumatatu alisoma ngapi? Simu begani, msimamizi anataka orodha kabla ya saa sita, brashi mkono huu, fito mkono ule, rangi inamdondokea kiatuni, akaandika nne, hilo analikumbuka, ila nne ile ilikuwa tano iliyotolewa moja, au ilikuwa nne tupu... ilikuwa tano, ilikuwa tano, sema ilikuwa tano. Fito inaishia sita. Ingekuwa tano, kipande kilichobaki nje ya maji kingemfika kiunoni, na yeye anakumbuka kilimpita kichwa, anakumbuka aliinua uso na jua likamchoma macho, basi, yamekwisha, ni tatu. "Mke wangu, unaangalia?" Naangalia, alijibu, kisha akaongeza, "Ruka kwa miguu." "Kwa miguu wanaruka watoto," alisema mumewe, mabinti wakacheka, na wifi naye huko majini, "Mwache kaka yangu, aliye juu mngoje chini." Kichwa mbele basi, kama ujanani, kilo tisini na tano. Yule mwanafunzi wa mwaka juzi, aliyeruka kichwa mbele bwawa la juu, walimtoa mzima, anaongea vizuri, anauliza tu miguu yangu iko wapi, mbona mmeniachia miguu yangu majini, na yeye ndiye aliyemshika kichwa hadi gari likaja... Sema basi. Mama yake alikuwa akisema mficha uchi hazai, sema, simama useme ile namba ni ya uongo, lakini ni siku ya sita leo, wamesharuka watoto wa watu wangapi, wepesi, kwa miguu, Mungu kawasitiri, ukisema leo wataulizana Jumatatu hadi leo ulikuwa wapi, na kazi ndiyo kwaheri, miaka kumi na moja, na huyu mwanamume hakuna kichwa alichonyoa wiki hii ambacho hakikusikia habari za mke wake na hesabu zake. Shuka. Neno dogo, mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Akafumba macho akaomba, midomo inacheza, na ombi lilikuwa limefika katikati ndipo alipolisikia vizuri, kwamba haombi mumewe asiruke, anaomba aanguke vibaya kidogo, aumie mkono tu, au bega, na akitolewa aseme mwenyewe, mbele za watu wote, kwamba aliteleza. Akafumbua macho. Mumewe bado yuko juu, mikono ameinyoosha, maji yametulia, na yeye akajiogopa, na mdomo wake bado umefungwa.