Ulevi wa Jumatatu

Nesi Mwantumu alikuwa na tabia iliyomponza tangu utotoni: kutaka kujua kwa nini. Mama yake kule Handeni alikuwa akimwambia kuuliza si ujinga, ila kuuliza sana ni kutafuta kofi.

Mwaka wa tatu tangu mashamba ya mkonge yataifishwe, alipewa zahanati ya shamba moja nje ya mji wa Korogwe. Nesi aliyemtangulia alimwachia funguo, sindano na wosia mmoja: mfanyakazi akija Jumatatu akilia kifua kimembana, mpe maji, andika "ulevi", arudi kazini. Jumapili wamekunywa hao. Mwantumu naye akaandika miezi na miezi, tena kwa mwandiko mzuri wa mlazo.

Ikaingia Ramadhani. Jumatatu ya kwanza akaja Mzee Kibwana wa chumba cha brashi, pale mashine zinaposugua singa, nyuzi za mkonge, mpaka vumbi linaficha uso wa jirani. Alikuwa akihema kwa tabu. Mwantumu akaandika "ulevi" kwa mazoea, akamsogezea kikombe. Mzee akakirudisha taratibu, akasema amefunga.

Kalamu ikamsimama mkononi. Ulevi gani huo wa mtu aliyefunga, tena mwadhini wa msikiti wa kambini? Akafunua kurasa za nyuma. Ulevi, Jumatatu. Ulevi, Jumatatu. Wote wa chumba cha brashi. Wakata mkonge, ambao pombe wanaijua hasa, hawamo. Ikifika Jumatano, hakuna hata mmoja. Jamani, pombe gani hiyo inayochagua chumba?

Akaenda kwa meneja. Meneja akamjibu kwamba daftari lina "ulevi" mara tano kwa jina la Kibwana, na wiki ijayo kamati ya wafanyakazi itamfukuza. Kama nesi amebadili mawazo, hayo ni mawazo ya nesi mmoja.

Basi akakimbilia chama. Wauguzi wa mashamba na viwanda walikuwa na chama chao, kikikutana Korogwe mjini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kusema kweli wengi walikwenda kunywa chai na kulalamikia sare. Safari hii Mwantumu aliwatumia salamu kila mmoja aje na daftari lake. Wakaja sita, wakayapanga madaftari mezani. Mmoja alikuwa ameandika "uvivu", mwingine "kisingizio", mwingine "mafua". Majina mbalimbali, Jumatatu zile zile, vumbi lile lile. Mwenyekiti wao, Bi Urmila, nesi wa kiwanda cha kamba, akawaeleza kwamba kifua kikipumzika siku moja kisha kikakutana na vumbi upya, hujifunga. Chai ilipoa, hakuna aliyeikumbuka. Mwantumu alifurahi kama mtu aliyefumbua kitendawili, mpaka Bi Urmila alipomgeukia.

"Barua ya kwenda kwa kamati tutaitia saini sote. Lakini 'ulevi' umeuandika wewe. Hilo chama hakiwezi kukusemea."

Kamati ilipoketi, barua ikasomwa. Meneja akauliza, kama ni vumbi, huo ulevi aliuandika nani. Mwantumu akasimama, akasema ni yeye.

Mzee Kibwana akamgeukia. "Ulininusa, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Sikukunusa hata siku moja."

Hawakumfukuza mzee. Walimhamishia kwenye kuanika singa, nje, kwenye hewa, na watu wakampa mkono. Mzee akangoja wote watoke. Ndipo akamweleza Mwantumu kwamba maneno ya daftari yalikwishafika kambini tangu kabla ya mfungo, na mkewe Chausiku alifunga mizigo akarudi kwao Handeni, akisema hawezi kulala nyumba moja na mwadhini mlevi. Mwantumu akaona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akamnyooshea nakala ya barua ya chama, ampelekee mkewe. Mzee hakuipokea.

"Mimi sijui kusoma, na Chausiku hajui," alisema. "Basi la Handeni linaondoka saa nane. Twende ukamwambie."