Shikamoo, Mama Mdogo

Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu tangu utotoni hakuna neno lililoingia sikioni mwake likakosa kutokea mdomoni. Mama yao, mjane aliyepika katika jiko la hospitali, aliwaonya hata wageni: "Semeni taratibu, Kasuku yupo."

Jambo moja tu Kasuku alilimeza likakaa tumboni. Dada yake alipata mimba akiwa bado mwanafunzi. Akafichwa chumba cha nyuma mpaka akajifungua mtoto wa kiume, na mama yao akatoka na kile kichanga mbele ya majirani akasema ni chake, zawadi ya mwisho ya marehemu. Majirani walihesabu miezi vidoleni, wakatazamana, wakampa hongera.

Mtoto wakamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Akakua akimwita bibi yake mama, na mama yake dada. Dada mwenyewe akajifunza ushonaji, akaolewa na seremala, mtu mkimya mwenye msimamo mkali, ambaye hakuambiwa lolote.

Kasuku akawa mwalimu, na kila akitoka kazini akawa anaandika riwaya za vijana. Mbili za kwanza zililala ghalani kwa mchapishaji mpaka panya wakazisoma kuliko watu. Mhariri wake, mwanamke mwenye sauti ya upole na kalamu isiyo na huruma, alimwita ofisini.

"Unaandika vizuri, bibie, lakini watu wako hawana damu. Acha kuzungukazunguka. Andika kitu kinachokuuma."

Kinachomuuma alikijua. Akaandika kama mtu anayetapika. Alibadilisha mji, akamfufua baba, akampa yule msichana sura nyingine na sauti nyingine. Kitu kimoja kilimshinda. Kitinda alizaliwa na kidole cha sita, kinyama kidogo kilichoning'inia pembeni mwa mkono wa kushoto, na mama alikifunga kwa uzi wa cherehani mpaka kikakauka kikaanguka. Kasuku alikifuta kile kidole, akakirudisha, akakifuta tena. Bila hicho ukurasa ulikuwa maiti. Mwishowe akakiacha. Mhariri aliandika pembeni: *Hapa nililia.*

Kabla kitabu hakijaenda kiwandani, Kasuku alikwenda kwa dada yake kumwomba ruhusa. Walau ndivyo alivyojiambia njiani. Alimkuta ameinamia gauni la bibi harusi, pini mdomoni.

"Dada, naandika kitabu. Msichana anapata mimba shuleni."

"Wako wengi," dada alisema bila kutoa pini.

"Mama yake anamlea mtoto kama wake."

Mkono wa dada ulisimama kidogo juu ya kitambaa, kisha ukaendelea. "Nishikie hapa, lisije likapinda."

Kasuku akashika. Hakuongeza neno, na njia nzima ya kurudi alijishawishi kwamba kukaa kimya ni kukubali.

Kitabu kilishika kama moto wa nyika. Wasichana walimwandikia barua zenye madoa ya machozi. Kikapigwa chapa tena na tena, kikateuliwa kusomwa katika shule za sekondari. Alialikwa huku na kule, akakaribishwa viti vya mbele, na watu wakaanza kumwita mwandishi kabla ya kumwita mwalimu. Ilimpendeza, hakuna haja ya kuficha. Kwamba Kitinda naye sasa alikuwa mwanafunzi wa sekondari, alilijua hilo. Alilisukuma nyuma ya mambo mengine, kama mtu anavyosukuma uchafu chini ya mkeka.

Siku moja mchana alisikia hodi. Alifungua, akamkuta Kitinda amesimama mlangoni na sare za shule, shati limelowa jasho.

"Kitinda! Mbona hukusema unakuja? Ingia."

Hakuingia. Alimtazama machoni, akasema polepole, "Shikamoo, mama mdogo."

Tangu ajue kusema, alikuwa akimwita dada. Kasuku alishika fremu ya mlango.

"Darasani walikuwa wanacheka pale kwenye kidole," kijana alisema. Akainua mkono wa kushoto, wenye kovu dogo kama punje ya mchele. "Mwalimu akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Ni mimi?"

Kasuku, ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga, alitikisa kichwa tu kukubali.

"Mama anajua kwamba umetuandika?"

"Mama hasomi riwaya."

"Na yeye... dada?"

"Hajasoma."

Kitinda akacheka kicheko kibaya, cha mtu mzima, akageuka akaenda zake. Kasuku alimfuata mpaka barabarani akiita. Majirani walitoa vichwa madirishani, kijana hakugeuka.

Kitinda alikwenda moja kwa moja kwa dada. Aliwakuta mezani, mume na mke. Akasimama mbele ya chakula chao, akasema, "Shikamoo, mama." Neno moja hilo. Seremala akaacha kutafuna. Dada akainuka, akamshika kijana paji la uso, na kwa sauti iliyonyooka kabisa akamwambia mumewe, "Huyu mdogo wangu ana homa. Anaweweseka."

Kitinda aliuondoa ule mkono usoni mwake taratibu, akauweka mezani, akatoka. Shuleni hakurudi, wala nyumbani.

Seremala hakuwa mjinga. Alikitafuta kitabu, akakisoma chote karakanani, amekaa juu ya mbao. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alimfungia cherehani kwenye mkokoteni, akamrudisha kwa mama yake.

Siku iliyofuata dada alifika kwa Kasuku. Hakukaa.

"Mdogo wangu, nilikukosea nini?"

"Dada, nilikuja kukuambia..."

"Ulikuja kunitazama usoni uone kama nitapiga kelele. Sikupiga. Ukaona ni halali." Sauti yake ilikuwa chini, ndiyo iliyotisha zaidi. "Mwanangu amenisalimu mara moja tu maishani, nami nikamkana. Nilimkana kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imekaa pale mezani. Na hiyo nyumba vilevile imekwenda. Sasa andika na hilo."

Kasuku alikimbilia kwa mhariri, akamsihi kitabu kiondolewe. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea maji.

"Nakuhurumia, mpenzi. Lakini kimeshafika mpaka shule za pembezoni. Maji yakimwagika hayazoleki."

Ikapita miezi ndipo dereva mmoja alipoleta habari kwamba kijana yupo kwenye ghala la saruji, anapakia malori. Kasuku akaenda. Ilikuwa vigumu kumtambua, vijana wote walikuwa weupe kwa vumbi, nyusi na kope. Kitinda alikuwa amepanuka mabega na amekonda uso.

"Rudi nyumbani, baba," alimwambia. "Mama ameanguka, hainuki kitandani. Dada yako... mama yako naye yuko pale, anakulilia."

Kitinda alipangusa midomo kwa fulana. "Mama mdogo, nikuulize. Pale mwisho wa kitabu, yule msichana anapomkumbatia mtoto mbele ya watu wote. Uliliona wapi hilo?"

"Sikuliona. Nilitunga."

"Nilijua," alisema. "Mengine yote niliyaamini. Nilikwenda kule siku ile kwa sababu ya ukurasa huo."

Msimamizi akaita. Kijana akainama, akapokea mfuko mgongoni, akaingia nao gizani mwa lori. Kasuku alisubiri mpaka lori likajaa na jingine likaja. Kitinda hakumwangalia tena.

Nyumbani, mlio wa cherehani ulisikika kutoka chumba cha nyuma. Ulinyamaza Kasuku alipopita, ukaanza tena alipofika kwa mama.

"Umemwona?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nimemwona."

"Anakula?"

"Anakula, mama. Ana nguvu. Anakusalimu sana, amesema atakuja ukipata nafuu."

Mama alimkazia macho.

"Hakusema hivyo," alisema, akajigeuza akatazama ukuta.